Nyuma ya Anayejitolea

Nchini Marekani kuna watu zaidi ya 80,000 wanaowafundisha majirani zao kulima bustani bila kulipwa. Wengi ni wastaafu. Jumamosi utawakuta sokoni wamekaa nyuma ya meza, wakipokea majani yaliyokunjamana, nyanya zilizooza na wadudu waliofungiwa kwenye mitungi ya kioo. Siku nyingine wanapokea simu katika ofisi ya ugani ya kaunti, wanasimamia bustani ya shule au wanawaonyesha watu namna ya kutengeneza mboji. Kabla ya kuruhusiwa kufanya hayo, walikaa darasani kwa wiki kadhaa, wakapimwa, na wakakubali kurudisha mafunzo yale kwa saa za kazi. Mpango huo unaitwa Master Gardener. Umepita miaka 50, na umeenea katika majimbo yote ya nchi hiyo.

Mtu wa Afrika Mashariki akiusikia, hukimbilia kufanya hesabu. Huku kwetu bwana shamba ni mmoja na vijiji ni vingi. Pikipiki yake haina mafuta, na wakulima wengine hawajamwona tangu msimu uliopita. Si tuchague watu wachache katika kila kata, tuwafundishe, nao wawafundishe wenzao bure? Wazo hilo si geni kwetu. Limejaribiwa kwa mashamba darasa na kwa wakulima wawezeshaji, na matokeo yake yamekuwa ya kupanda na kushuka. Kinachohitaji kuchambuliwa ni sababu: kwa nini mahali pengine mwalimu asiyelipwa hudumu miaka 20 na pengine huchoka mara tu mradi unapofungwa?

Jibu ninalolitetea ni kwamba kujitolea hudumu pale ambapo nyuma ya anayejitolea yupo anayelipwa. Tunaposoma habari za mpango wa Wamarekani tunamwona mstaafu na meza yake. Hatumwoni mratibu, maabara wala kituo cha utafiti, na hivyo ndivyo vinavyomweka yule mstaafu mezani.

Chimbuko la mpango

Msingi wake ni wa zamani. Mwaka 1862 Rais Abraham Lincoln alitia saini sheria iliyoyapa majimbo ardhi ya serikali kuu, ekari 30,000 kwa kila mbunge na kila seneta wa jimbo, ili mapato yake yaanzishe vyuo vya kilimo na ufundi. Mwaka 1887 sheria nyingine ikaleta vituo vya utafiti vilivyofungamana na vyuo hivyo. Mwaka 1914 ikaja sheria ya ugani: maarifa ya chuo yapelekwe kwa wananchi kupitia maafisa walioajiriwa, na gharama igawanywe baina ya serikali kuu, jimbo na kaunti. Ngazi zote tatu ziliingiza mkono mfukoni, na hilo ndilo lililoufanya mfumo uhimili mabadiliko ya serikali na ya nyakati.

Maafisa hao waliajiriwa kwa ajili ya wakulima. Lakini kufikia mwanzo wa miaka ya 1970, vitongoji vilikuwa vimemeza mashamba yaliyozunguka miji ya Seattle na Tacoma katika jimbo la Washington. Watu waliohamia huko walikuwa na ua mbele ya nyumba na kijishamba nyuma yake, na maswali yao hayakwisha. Kwa nini waridi lina madoa? Dawa gani inaua konokono? Maafisa wawili wa ugani wa eneo hilo, David Gibby na Bill Scheer, walizidiwa. Wangepokea simu zote, wasingepata muda wa kufanya kazi nyingine yoyote.

Pendekezo lao lilikuwa jepesi: chuo kifundishe watu wa kawaida wanaopenda bustani, nao wapokee simu hizo. Wataalamu wa chuo hawakulikubali mara moja. Walikuwa na shaka kwamba mtu asiye na shahada angeweza kutoa ushauri wa kuaminika. Mwaka 1972 ikafanyika kliniki ya majaribio katika jengo la maduka la Tacoma, watu wakafurika, na ubishi ukapoa. Mwaka uliofuata darasa rasmi la kwanza likafunguliwa katika kaunti za King na Pierce, chini ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington.

Wakati huohuo, Seattle ilikuwa ikianzisha kitu kingine. Shamba la familia ya Picardo, wakulima wa asili ya Italia, liligeuzwa bustani ya jamii, na mwaka 1973 halmashauri ya mji ikalichukua na kuanza kugawa vipande kwa wakazi. Leo mji huo una bustani za aina hiyo zaidi ya 80. Miradi hii miwili ilizaliwa na uongozi tofauti, ila inategemeana. Halmashauri hugawa ardhi na maji. Mwalimu wa kujitolea huleta maarifa. Bustani ya jamii isiyo na mwalimu huwa pori baada ya miezi michache, na mwalimu asiye na bustani ya kufundishia hubaki na nadharia.

Mkataba wenyewe

Masharti hutofautiana kati ya jimbo na jimbo, ila sura yake ni moja. Mwanafunzi huhudhuria mafunzo ya saa 40 hadi 80 hivi: udongo, mbolea, namna mmea unavyokula na kunywa, wadudu na magonjwa, upogoaji wa miti ya matunda, mboga, matumizi salama ya viuatilifu. Mara nyingi hulipa ada. Akishafaulu anakuwa mwanagenzi, na katika mwaka wa kwanza anapaswa kutumikia jamii kwa saa 40 au 50. Akimaliza ndipo anapewa cheti. Cheti hicho hakidumu chenyewe. Kila mwaka lazima afanye saa za huduma zilizowekwa na ahudhurie masomo mapya. Asipotimiza, jina lake linaondolewa kwenye orodha.

Sharti moja hupuuzwa na wanaousifu mpango huu wakiwa mbali, nalo ndilo uti wa mgongo wake. Akiwa kazini, mwalimu huyu harushi ushauri wa kichwani mwake. Hutoa kile kilichothibitishwa na utafiti na kuchapishwa na chuo. Dawa ya kienyeji aliyorithi kwa bibi yake anaweza kuitumia kwake nyumbani, ila hawezi kuitangaza mezani kwa jina la chuo. Swali likimshinda, anatakiwa aseme hajui, achukue sampuli, amfikishie afisa wa ugani au mtaalamu wa maabara, kisha arudishe jibu. Kuuliza si ujinga, na katika mpango huu kuuliza kumewekwa kuwa kanuni ya kazi. Kanuni hiyo ingekuwa maneno matupu kama upande wa pili wa simu kusingekuwa na mtu.

Sharti jingine ni kwamba cheti hakitumiki kibiashara. Mwenye kitalu au kampuni ya kutunza bustani haruhusiwi kubandika jina la mpango kwenye tangazo lake. Mwananchi anapofika mezani anajua kwamba anayemshauri hana dawa ya kumuuzia.

Kwa nini mafunzo, si mapenzi tu

Kuna wanaoona urasimu huu ni mwingi kwa jambo dogo kama bustani. Mifano mitatu inatosha kuonyesha hatari iliyopo.

Wa kwanza ni nyanya yenye doa jeusi lililobonyea upande wa chini, hali ambayo wakulima wa Tanzania huiita kuoza kitako. Asiyejua huona ukungu akanunua dawa ya ukungu. Lakini hapa hakuna ukungu wala kirusi. Tunda limekosa kalsiamu, na mara nyingi kalsiamu yenyewe imejaa udongoni. Imeshindwa kufika kwenye tunda kwa sababu mmea ulinyweshwa leo sana, kesho ukaachwa kavu. Tiba ni kumwagilia kwa ratiba na kuweka matandazo. Mwalimu aliyefundishwa humwokolea mtu fedha, na huuokoa udongo na dawa isiyohitajika, kwa maelezo ya dakika tano.

Wa pili ni madini ya risasi. Katika miji ya zamani ya Marekani, rangi za nyumba zilikuwa na risasi hadi zilipopigwa marufuku mwaka 1978, na petroli ya magari iliendelea kuwa nayo kwa miaka mingi baadaye. Risasi haiozi. Hukaa kwenye tabaka la juu la udongo, hasa karibu na kuta na barabara, na humdhuru zaidi mtoto mdogo, ambaye ubongo wake bado unakua. Kwa hiyo mwalimu wa bustani ya mjini huanza na kupima udongo, si na kupanda mbegu. Ikionekana risasi ipo, hushauri matuta yaliyoinuliwa na kujazwa udongo safi, mbali na kuta. Mboga za majani na za mizizi ziepukwe katika udongo ule, na kila kitu kioshwe vizuri. Jambo hili halituhusu kwa mbali. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walipata sumu ya risasi kutokana na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilichokuwa mlangoni mwao, na kampeni ya Phyllis Omido ikaijulisha dunia nzima. Wapo wakazi wangapi wa miji yetu wanaopanda sukuma wiki kando ya gereji bila kuwaza ardhi ile ilibeba nini kabla yao?

Wa tatu ni kuhifadhi mavuno. Bustani ikikubali, maharage mabichi huwa mengi, na Wamarekani wengi huyafungasha katika mitungi nyumbani. Vyakula visivyo na uchachu wa kutosha vinaweza kufuga bakteria wa botulizimu, ambaye sumu yake hupoozesha misuli na kuua. Chembe za bakteria huyo hazifi kwa maji ya kuchemka ya nyuzi joto 100 za selsiasi. Zinahitaji nyuzi 116 hivi, na joto hilo hupatikana ndani ya chungu cha shinikizo pekee. Hapa desturi ya familia inaweza kuua, na jirani mwema mwenye ushauri mbaya ni wa hatari kuliko jirani mkimya.

Mifano yote mitatu ina fundisho moja. Thamani ya mwalimu huyu ni uhakika wa neno lake, na uhakika huo hautoki kwake peke yake. Unatoka kwenye maabara iliyopima udongo na kituo kilichopima joto.

Nani hulipa bili

Viongozi wa umma hupenda kuzidisha saa za watu wa kujitolea kwa thamani ya saa moja ya kazi, kisha wakatangaza kwamba jamii imepata mamilioni ya dola bure. Hesabu hiyo ina upande mmoja tu. Mratibu wa kaunti anapokea mshahara. Yeye ndiye anayesajili watu, anayechunguza kumbukumbu za wale watakaofanya kazi na watoto, anayepanga zamu za meza, anayesuluhisha ugomvi, anayehesabu saa na anayekirudishia chuo taarifa. Wakufunzi wa darasani wanalipwa. Maabara ya magonjwa ya mimea inahitaji darubini, kemikali na umeme. Vitabu vya mwongozo huandikwa na watafiti ambao majaribio yao huchukua misimu mingi.

Ndiyo maana bajeti ya ugani inapokatwa, pigo la kwanza huangukia kujitolea kwenyewe. Nafasi ya mratibu ikibaki wazi, walimu wa zamani huendelea kwa mazoea kwa muda, darasa jipya halifunguliwi, maswali magumu hayana pa kwenda, na waliochoka hawapati wa kuwapokea. Watu waliojitolea hawakupungukiwa na moyo. Walipungukiwa na ofisi. Anayedhani kwamba watu wa kujitolea wanaweza kuziba pengo la maafisa walioachishwa kazi ameutazama mpango huu kichwa chini. Gibby na Scheer hawakuwa mbadala wa mtu. Walikuwa maafisa walioajiriwa ambao walitumia nafasi zao za kazi kuzaa mikono mingine.

Wasiokuwemo

Mpango huu una kasoro ambayo watu wake wenyewe wameikiri kwa miaka mingi: walimu wake kwa wingi ni Wazungu, ni wanawake, wana umri mkubwa, elimu ya juu na nyumba zao wenyewe. Si ajabu. Darasa la mchana siku za kazi humfaa asiye na ajira ya saa. Ada humfaa mwenye akiba. Meza ya sokoni humfaa mwenye gari. Kila sharti lililowekwa kwa nia njema limemchuja mtu fulani.

Mchujo huo una mizizi mirefu. Sheria ya 1914 iliacha majimbo ya Kusini yaamue chuo kipi kipokee fedha za ugani, na majimbo hayo yakavipa vyuo vya Wazungu. Lakini ugani wa watu Weusi ulikuwa umekwisha kuanza. Mwaka 1906, kutoka Tuskegee, Alabama, lilitoka gari la kukokotwa lililobuniwa na George Washington Carver, likiwa na vifaa vya kuonyeshea kilimo bora, na Thomas Monroe Campbell akalizungusha kwa wakulima Weusi waliokuwa mbali na chuo chochote. Gari lile lilielekea kule aliko mwanafunzi. Kliniki ya jengo la maduka ilisubiri afike.

Leo tofauti hiyo inawahusu moja kwa moja wasomaji wa Kiswahili. Wakimbizi kutoka Kongo na Burundi, pamoja na Wasomali Wabantu, wamepewa makazi katika miji mingi ya Marekani, na wengi wao walikuwa wakulima kabla ya kukimbia. Baadhi ya hao Wasomali Wabantu bado wanazungumza Kizigua, lugha ambayo mababu zao waliibeba kutoka nchi ya Tanzania ya leo walipochukuliwa utumwani katika karne ya 19. Huko Lewiston, jimbo la Maine, jumuiya yao inaendesha mashamba yake yenyewe. Huko San Diego, shirika la uokoaji la kimataifa la IRC liliwasaidia wakimbizi kufungua bustani mwaka 2009, na mwaka uliofuata Michelle Obama akaenda kuitembelea.

Mwalimu wa bustani akikutana na mama aliyelima Kivu miaka 30, nani amfundishe mwenzake? Mama yule hajui theluji. Hajui kwamba msimu wa Maine huanza mwishoni mwa mwezi wa tano na baridi ya Septemba inaweza kuufunga usiku mmoja. Hajui habari ya risasi kwenye udongo wa mjini, wala masharti ya bomba la maji la halmashauri. Hayo atafundishwa. Kwa upande mwingine, anaitafuta lengalenga, ndugu wa mchicha, na katika mashamba makubwa ya Marekani jamii ya mchicha ni magugu yanayopigwa vita kwa dawa kila mwaka. Anapanda viazi vitamu kwa ajili ya matembele, huku kitabu cha mwalimu kikizungumzia viazi vyake tu. Kanuni ya kushauri kwa utafiti pekee, ambayo nimeisifu, hapa inaonyesha mpaka wake: utafiti hujibu maswali ya wale waliokuwa na nafasi ya kuuliza. Kipi kifanyike? Si kuitupa kanuni. Ni kumweka mama huyo darasani, kumpa mkalimani na nauli, na kumfanya mwalimu mwenye cheti, ili maswali yake yafike kwenye kituo cha utafiti yakiwa na uzito uleule.

Upande wetu

Afrika Mashariki haikusubiri Marekani. Mwaka 1989 nchini Indonesia, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilianza mashamba darasa ili kuwasaidia wakulima wa mpunga waliokuwa wakinyunyiza dawa nyingi huku wadudu wakizidi. Katika miaka ya 1990 mbinu hiyo ikaingia Kenya, Tanzania na Uganda. Wakulima 25 au 30 hukutana kila wiki katika shamba moja msimu mzima, huhesabu wadudu waharibifu na wadudu rafiki, huchora wanachokiona, hujadiliana na kuamua. Mwezeshaji hatoi hotuba. Waliohitimu vizuri huendelea kuwa wawezeshaji wa makundi mengine. Kwa namna ya kufundisha, shamba darasa limewatangulia Wamarekani, kwa sababu mwanafunzi hujifunza kuchunguza badala ya kungoja jibu.

Bustani nazo hazikusahauliwa. Kibera, Nairobi, baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007 na 2008, shirika la Solidarités International lilieneza bustani za magunia: gunia la udongo lenye mawe katikati ya kupitishia maji, sukuma wiki na spinachi zikichipua juu na ubavuni. Familia isiyo na hata hatua moja ya ardhi ikapata mboga. Mbinu hiyo hufundishika kwa siku moja, na jirani humwonyesha jirani.

Hata hivyo, kuna tatizo ambalo jirani peke yake halimudu. Mwaka 2014 Tanzania ilivamiwa na nondo mdogo kutoka Amerika ya Kusini, ambaye viwavi wake hupekecha majani na matunda ya nyanya. Wakulima wakamwita kantangaze, na dawa walizozizoea hazikumtisha. Mwaka 2017 viwavijeshi vamizi wakaingia katika mahindi ya ukanda huu. Hakuna mzee aliyekuwa na uzoefu wa wadudu hao, na hakuna mwezeshaji aliyefundishwa habari zao miaka mitano nyuma. Adui mpya anapoingia, mwalimu wa kujitolea ana thamani kama ya habari aliyoletewa wiki hiyo. Asipoletewa, anabaki kubahatisha pamoja na wenzake, tena akiwa na cheti cha kuwapa imani.

Lipo pia suala la tumbo. Mstaafu wa Seattle ana pensheni, na saa zake 50 ni za mapumziko. Mkulima wa Njombe au Bungoma anayetoa saa 50 wakati wa kupalilia ametoa chakula cha watoto. Kuubeba mkataba wa Kimarekani mzimamzima ni kumtoza maskini kodi kwa jina la uzalendo. Lakini si kweli kwamba bila posho hakuna anayefundisha. Watafiti wa kituo cha kilimo mseto cha ICRAF, Nairobi, waliwachunguza wakulima wakufunzi katika mradi wa maziwa wa Afrika Mashariki ulioanza mwaka 2008, waliokuwa wakifundisha wenzao malisho ya ng'ombe bila mshahara. Kilichowavuta mwanzoni ni kujifunza, kusaidia na heshima ya kijijini. Mcheza kwao hutunzwa. Kadiri miaka ilivyokwenda, kipato cha kuuza mbegu na miche ya malisho kikawa sababu kubwa ya kubaki.

Hapo ndipo penye mtego. Mkufunzi anayeuza anachokishauri ana masilahi mawili, na mkulima wetu tayari amezungukwa na washauri wa namna hiyo. Katika sehemu nyingi mtu anayeulizwa zaidi kuhusu ugonjwa wa mmea ni mwenye duka la pembejeo, ambaye jibu lake liko rafuni. Wamarekani walikwepa mtego huu kwa kuikataza biashara kabisa, kwa sababu walimu wao wana uwezo wa kuishi bila hiyo. Sisi hatuwezi kuikataza kabisa, ila tunaweza kuchora mstari. Mkufunzi auze miche na mbegu alizozizalisha shambani mwake, kwa kuwa mche mbovu utamwaibisha mbele ya macho ya kijiji kizima. Asiuze viuatilifu. Ushauri mwingi mzuri kuhusu dawa ni ule unaomwambia mtu asinyunyize, na hakuna muuzaji anayeishi kwa kutouza.

Sekta ya afya imetangulia katika mjadala huu. Septemba 2023 Kenya iliwazindua upya wahudumu wake wa afya ya jamii, zaidi ya 100,000, ikawapa vifaa na posho inayochangiwa na serikali kuu na kaunti. Kwa miaka mingi watu hao walikuwa wakiitwa wa kujitolea huku kazi ikiwa ya kila siku. Posho ni ndogo, na malalamiko ya kuchelewa hayakosi, lakini kanuni imekubaliwa: kazi ikishakuwa ya lazima, haiwezi kuendelea kuitwa sadaka. Ni kipimo kinachofaa bustanini pia. Anayeonyesha wenzake gunia la mboga mara moja kwa mwezi anaweza kujitolea. Anayetarajiwa kuhudumia vijiji vitatu kila wiki ameajiriwa, hata kama hakuna aliyemwandikia barua.

Pa kuanzia

Anayetaka kuanzisha mpango wa namna hii, iwe kaunti, halmashauri, chuo au asasi ya mtaa, kwa kawaida huanza na semina. Ukumbi hukodiwa, watu 30 wanapewa fulana na vyeti, picha zinapigwa. Mimi naona semina ije ya tatu. La kwanza ni kumwajiri mratibu mmoja kwa mkataba unaozidi umri wa mradi. La pili ni kumuunganisha na mahali penye majibu, kwa maandishi na kwa majina ya watu watakaopokea simu. Tanzania ina vyuo vikuu kama Sokoine, na Arusha ina kituo cha World Vegetable Center, ambacho kimefanyia utafiti mboga za Kiafrika tangu miaka ya 1990: mchicha, mnafu, mgagani, kunde. Kenya ilijaribu kliniki za mimea kuanzia mwanzo wa miaka ya 2010, zikiendeshwa hasa na maafisa ugani wenye mafunzo ya ziada. Majibu yapo. Kinachokosekana ni njia ya kudumu kati ya majibu hayo na mama mwenye gunia.

Ndipo watafutwe walimu, wachache kuliko bajeti inavyoruhusu, na watoke pale wanapolima wanafunzi wao. Saa zao ziwe chache na zisigongane na msimu wa kazi shambani. Nauli na muda wa simu vilipwe bila mjadala, kwa sababu kujitolea ni kutoa muda, si kutoa pia fedha za mfukoni. Kila msimu warudi darasani kwa siku moja au mbili, wapewe habari za wadudu na dawa zilizobadilika, nao walete maswali waliyoshindwa. Orodha ya maswali hayo ndiyo taarifa bora ambayo mpango unaweza kumpa mtafiti, na ni ya bei ndogo kuliko uchunguzi wowote wa madodoso.

Kisha mpango upimwe kwa jambo moja ambalo halionekani kwenye picha za semina: mwalimu alipokutana na ugonjwa asioujua, jibu lilimrudia baada ya siku ngapi? Kama ni siku tatu, watu wataendelea kujitolea hata bila fulana. Kama halikurudi kabisa, itakuwa haki yao kuacha, na lawama isiwaendee wao.